Chakula cha Mbwa Hakilali Ndani

Siku ya kuniaga mlinipa kanga, keki na saa ya ukutani, na mkanisifu mpaka nikadhani mmekosea mtu. Mmoja wenu akasimama akasema kwamba miaka yote aliyokaa maabara, Bi Mwanakheri hajawahi kutoa jawabu la makosa. Watu wakapiga makofi. Mie nikanyamaza, kwa sababu keki ilikuwa bado haijakatwa na sikutaka kuiharibu shughuli. Sasa niko nyumbani Jang'ombe, asubuhi zangu zina nafasi, na lile neno linanikera. Nimewahi kutoa jawabu la makosa, tena kubwa, na aliyeumia ana jina na ana duka. Nakuandikieni muijue habari yenyewe, maana kosa lile lilianza na jambo dogo la kawaida ambalo hata mwezi wangu wa mwisho nilikuoneni mkilifanya.

Vyeo na mishahara naviacha. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua kwa sababu na nyinyi ndio mnaoupokea.

Nilipofika siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, nikitaraji meza nyeupe na hadubini. Nilikuta chumba kinanuka dagaa, mna mizani moja, tanuri la kukaushia, chekeche za matundu tafauti, na mzee mmoja kajiwekea kiganja cha pumba puani kafumba macho. Huyo alikuwa Mzee Shaame, mkuu wa kitengo chetu cha vyakula vya mifugo, na ndiye aliyenifunza kazi. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba bila ya kufumbua macho, akaniuliza nimesoma wapi. Nikamtajia chuo, nikamtajia na cheti. Akasema, "Vizuri. Haya, nusa."

Wiki nzima ya mwanzo sikugusa mashine. Nilinusa pumba, nilinusa mashudu, nilisugua mahindi viganjani, nilitia unga kwenye gilasi ya maji kutazama kinachoelea na kinachozama. Mchanga huzama, na wako wafanyabiashara waliokuwa wakiuza mchanga kwa bei ya chakula cha kuku. Nilipolalamika kwamba sikusomea kunusa, Mzee Shaame aliniambia, "Mashine inakujibu ulichoiuliza. Pua inakwambia na usichouliza." Nilidhani anajisifu tu kwa kuwa ana pua kubwa. Baadae nikaona kweli ana haki.

Kazi yetu ilikuwa chakula cha kuku na cha ng'ombe. Cha mbwa kilikuja baadae, siku moja kutoka bandarini, mfuko unang'ara una picha ya mbwa mwenye manyoya mengi kuliko mabibi harusi wote wa Unguja. Ulikuja na barua inayouliza kama chakula hiki ni salama na kama ni halali. Hakuna aliyetaka kuufungua. Mmoja alisema ana udhu, mwengine akasema mizani hiyo hiyo ndiyo tunayopimia mahindi. Mie niliyekuwa mgeni nilijificha nyuma ya tanuri nikijifanya nasoma kipimajoto.

Mzee Shaame akaweka mfuko mezani, akatutazama mmoja mmoja. "Mbwa yuko wapi?" akauliza. Tukatazamana. "Nauliza, ndani ya mfuko huu mbwa yuko wapi? Kaulamba saa ngapi?" Akatwambia kwamba kinachotakiwa kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, ni kilichoguswa na ulimi wa mbwa, na hichi kimetoka kiwandani kinakwenda kwa mbwa, hakijafika. Kisha akaupasua kwa makasi. Kuhusu uhalali, aliijibu barua kwa mkono wake: nyama iliyomo haikutajwa ni ya mnyama gani, kwa hivyo msafirishaji aulizwe, ama mlaji mwenyewe, hajatuma malalamiko.

Kuanzia hapo mifuko ya mbwa ikawa yangu, maana wa mwisho kuajiriwa hana pa kukimbilia. Nikajifunza kuisoma. Kinachoandikwa mwanzo ndicho kingi, na mwenye kuuza anajua kuwa watu wengi husoma picha. Ukikuta "nafaka" bila ya jina, uliza ni nafaka gani. Ukikuta "nyama" bila ya jina, uliza mara mbili. Rangi nyekundu na kijani ndani ya tembe za chakula kile hutiwa kwa ajili ya anayenunua, mbwa hana habari nazo. Na msidanganyike na jawabu la protini peke yake: mashine haitafautishi dagaa na manyoya ya kuku yaliyosagwa, vyote inavihesabu, lakini tumbo la mbwa linatafautisha. Ndiyo maana nilikulazimisheni kuchekecha kwanza na kutazama kwa lenzi, na nyinyi mkininunia.

Chakula cha mbwa kizuri kuliko vyote nilivyopima kilikuwa cha hapa hapa, na kilitengenezwa na mtu asiyekula hata yai. Kantibhai ana duka Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao watu wawili wenye vikapu hawapishani. Duka lilikuwa la babake, na kabla yake la babu. Anauza unga, mchele, viungo kutoka Kidichi, na upande wa nyuma ana ghala la pumba na mashudu. Ni Mhindu wa kushika dini yake, nyumbani kwake samaki haingii. Lakini wasasi wa vijiji vya kusini walikuwa wakija kwake kila mara. Kule nguruwe mwitu wanafukua mihogo usiku mmoja shamba zima, na hakuna dawa yao ila mbwa. Wasasi wakinunua pumba kwake, dagaa sokoni, wanakwenda kuchanganya kwa kukisia, na mbwa wanabaki mbavu nje. Kantibhai akaona vibaya. Akanunua mashine ndogo ya kusaga na kutengeneza tembe, akafunga kitambaa puani, akaanza kuchanganya mwenyewe. Gunia akaliita Doria.

Aliniletea mwenyewe la mwanzo. Mahindi, pumba za mpunga, dagaa, mashudu ya nazi, chumvi kidogo. Nilimwambia apunguze mashudu kwa kuwa mafuta yake yanawahi kuchacha, akapunguza wiki ile ile. Nilimwambia dagaa wakaushwe zaidi, akawarudisha juani. Watu wa aina hiyo katika kazi yetu ni wachache, wengi ukiwasahihisha wanauliza unataka nini. Yeye alikuwa akiandika kila ninalosema kwenye daftari, kwa Kigujarati, na mara nyengine akinirekebisha mie.

Wakati huo Mzee Shaame kashastaafu na kitengo nimeachiwa mie. Ghala la sampuli lilikuwa chini ya Makame, mtu mwema, msafi, hajapotezapo hata bahasha. Siku moja akanijia na uso wa huzuni. "Bi Mwanakheri," akasema, "humu ghalani mna sampuli za unga wa kula watu. Cha mbwa mie siwezi kukiweka humo. Nnaona vibaya." Ningeweza kumuuliza mbwa yuko wapi. Nilikuwa na maneno yote ya Mzee Shaame kichwani. Lakini nilikuwa mkuu mpya, nilitaka watu wanipende, na ugomvi wa najisi ukianza ofisini hauishi. Nikamwambia basi, vya mbwa tutavitia kwenye ndoo yenye kifuniko, ndoo ikae ukumbi wa nyuma, chini ya upenu. Makame akafurahi na mie nikafurahi. Kila mtu alifurahi, na ndoo ikakaa nje miaka, na hilo ndilo jambo dogo nililokutajieni.

Masika moja ikaja habari kutoka Jambiani. Msasi mmoja, Mzee Kombo, alikuwa na mbwa wanne na watatu wamekufa katika siku chache. Daktari wa mifugo aliyekwenda kuwatazama alisema waliacha kula, wakatapika, macho na fizi zikawa njano. Dalili hizo mnazijua: ini. Na ini la mbwa likienda namna ile, la mwanzo kutiliwa shaka ni sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu wa nafaka. Mbwa walikuwa wakila Doria.

Nilikwenda dukani kwa Kantibhai siku ya pili yake. Nikachoma magunia kwa lile bomba letu la chuma lenye ncha, nikachukua sampuli huku na huku kama nilivyofunzwa, nikazitia kwenye mifuko ya karatasi, nikaandika. Nikanusa. Hazikunuka kitu, zilinuka mahindi na dagaa. Nikajiambia ukungu mwengine hauna harufu. Huo ni ukweli, lakini pia ni maneno ya mtu asiyetaka kuisikiliza pua yake. Vifaa vya kupimia sumukuvu vilikuwa vimemalizika, tukasubiri vipya kutoka bara. Sampuli zikatiwa kwenye ndoo. Mvua ilinyesha wiki tatu.

Vifaa vilipofika nikasaga sampuli bila ya kunusa tena, nikapima. Sumukuvu imejaa. Nikapima tena, imejaa vile vile. Sikutetereka, nikatia saini. Ghala la Kantibhai likafungwa kwa lakiri ya serikali, magunia yote yaliyomo yakangojea kuchomwa moto, na yaliyo mikononi mwa wasasi yakatakiwa yakusanywe.

Karatasi ilisema Doria. Mji haukusema Doria. Mji ulisema dukani kwa Kantibhai mna sumu. Mwanzo ilikuwa anaua mbwa, halafu ikawa kama anaua mbwa na unga wake wa uji ukoje, halafu ikawa jirani wa fulani mtoto wake aliharisha. Katika wiki mbili duka lililouza tangu babu halikuwa na mteja wa chumvi. Nilipita uchochoro ule mara moja, nikamuona kakaa nyuma ya mizani yake anaifuta, na mizani ile ilikuwa safi. Nikageuza njia.

Akaja mwenyewe maabara. Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kile kiti cha wageni chenye mguu mbovu, kashika kofia mkononi.

"Bi Mwanakheri," akaniambia, "mie samaki sili. Wazee wangu hawakula. Lakini kila tukimaliza kuchanganya, kabla ya kushona gunia, nnakionja. Tembe moja, ulimini. Nasema nisimuuzie mtu nisichokijua. Mke wangu hajui mpaka leo, na nakuomba asijue."

Akaendelea, "Chakula kile si kibovu. Magunia yamo ndani yamefungwa, lakiri yako iko mlangoni. Fungua upime mengine."

Nikamjibu kama ofisi inavyojibu. Nikamwambia sampuli imechukuliwa kwa utaratibu, imepimwa mara mbili, jawabu limeshatoka, akitaka kukata rufaa aandike. Akanitazama kidogo, akasema, "Hewala," akavaa kofia yake akaondoka. Na sikurudi nyuma, nakwambieni kweli.

Wiki iliyofuata zamu ya kukusanya magunia ya Jambiani ikawa yangu. Mzee Kombo alikuwa hayupo, kaenda shamba, nikamkuta mkewe, Bi Mwaka, kakaa kwenye mchanga anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Alinikaribisha, akanipa maji, akanionesha mbwa aliyebaki, jike dogo la rangi ya mchanga linaloitwa Tabu, limelala kwenye kivuli cha ukuta halina hamu na mtu. Aliyekufa mwanzo, akaniambia, alikuwa Shauriyako, kiongozi wao. "Mzee hajasema neno tangu siku ile," akasema. "Mbwa hamuingizi ndani, akimgusa anajiosha kwa udongo kama ilivyoamriwa. Lakini kamlilia. Nimemuona mwenyewe."

Nikamuuliza gunia liko wapi. Akanionesha kwa kidevu. Lilikuwa nje, limeegemezwa kwenye banda la mwani, juu lina kipande cha turubai, chini limekaa juu ya mchanga. Nililigusa, sehemu ya chini ilikuwa mbichi, imenywa maji. Nikalifungua na harufu ikanipiga usoni. Tembe zimegandana, zina unywele wa kijani.

"Bi Mwaka," nikamwambia, "kwa nini gunia lililala nje masika yote?"

Akanishangaa. "Na ndani litalala wapi? Chumba kimoja twasali, kimoja twalala, jikoni mna unga wetu. Cha mbwa hakilali ndani, mwanangu. Ungekilaza wewe?"

Nilifungua mdomo kumfahamisha. Nilitaka kumwambia kwamba mbwa hajakigusa, kwamba chakula ni chakula mpaka kilambwe, kwamba kwa kukiona kichafu wamekifanya kichafu kweli. Maneno yalikuwa tayari, yalikuwa mazuri, na niliyapata kwa mtu aliyejua. Hapo ndipo ilipokuja mbele yangu ndoo yetu ya ukumbi wa nyuma. Wiki tatu za mvua. Mifuko ya karatasi. Nikafunga mdomo. Bi Mwaka akanisogezea maji tena akidhani jua limenipiga.

Sikumwambia kitu siku ile. Nilipakia gunia, dereva akanirudisha mjini, na nikaenda moja kwa moja ukumbi wa nyuma bila ya kuvua viatu. Kifuniko cha ndoo kilikuwa kimepasuka pembeni. Mfereji wa bati ulikuwa ukimwaga maji pale pale. Ndani, mfuko uliobaki wa Doria ulikuwa umelowa chini, na sampuli nyengine mbili za mbwa, za mtu mwengine kabisa, zimeota ukungu ule ule. Makame akaja akasimama nyuma yangu. Akachungulia ndoo.

"Mie ndiye nliyekataa," akasema.

"Wewe ulikataa," nikamwambia, "na mie nlikubali. Na mkuu nlikuwa mie."

Kesho yake nikaomba ruhusa, nikaivunja lakiri ya ghala la Kantibhai kwa mkono wangu. Kuta zile za zamani ni nene, mle ndani ni pakavu hata masika. Yeye alishika taa, hakuuliza kitu. Nikachukua sampuli kutoka magunia matatu ya mchanganyo ule ule ulioshtakiwa, nikazitia kwenye mikebe mikavu, na safari hii nikalala nazo karibu. Jawabu likatoka siku mbili baadae. Safi, yote matatu.

Mkubwa wetu wa wakati huo hakuwa mtu mbaya. Alisoma, akakuna kichwa, akaniambia niandike kwamba marudio ya upimaji yameonesha matokeo tafauti, lakiri ifunguliwe, basi. Akasema kutaja ndoo hakuna faida, kutawafanya watu wasiiamini maabara, na kesho akija mwenye unga mbovu kweli atasema na nyinyi mna ndoo yenu. Maneno yake yalikuwa na akili. Nilikaa na rasimu mbili mezani siku mbili nzima. Ile ya kwanza, aliyoitaka mkubwa, ilikuwa fupi na ilinihifadhi. Nililipenda jina langu, vijana, sikufichini. Mwanamke katika kazi ile alilipata kwa taabu. Lakini kila nikiisoma ile rasimu nilikuwa naona kwamba anayesoma atajiambia, pengine mara ya kwanza ndiyo ya kweli na mara ya pili Mhindi katoa kitu. Rasimu ile ingemfungulia ghala na kumwacha na sumu yake.

Nikaitia saini rasimu ya pili. Niliandika kwamba sampuli ilihifadhiwa vibaya na maabara, nje, ikapata maji, na ukungu ukaota mikononi mwetu. Kwamba chakula cha Doria hakikuwa na kasoro. Na kwamba mwenye dhamana ni mie. Mkubwa akaitazama, akasema, "Haya, Bi Mwanakheri, umeyataka." Akagonga muhuri.

Nikaipeleka kwa mkono. Kantibhai aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mizani. "Ahsante," akasema. Duka lilikuwa tupu. Mbele yake fundi cherehani alikuwa anashona, pembeni yake wamekaa wanaume watatu wanne, na dirishani juu bibi mmoja anakung'uta mkeka. Wote walikuwa wanatazama kwa namna ile ya kutotazama. Nikamwambia Kantibhai aibandike mlangoni. Akatabasamu kidogo. "Ile habari ya mwanzo haikuja kwa barua," akasema. "Ilikuja kwa mdomo."

Hakuniomba. Lakini nilifahamu. Nikaitoa barua chini ya mizani, nikasimama kwenye kizingiti na buibui langu, mtu niliyekuwa nikiona haya hata kumwita muuza ndizi, nikaisoma. Sauti ilitoka ndogo. Nilipomaliza yule bibi wa dirishani akasema, "Mwanangu, mie mwanzo sikusikia. Anza tena." Basi nikaanza tena, kwa sauti, tangu jina la maabara mpaka jina langu. Cherehani ilinyamaza. Fundi akavua miwani yake akasema, akimwambia Kantibhai na sio mie, "Tulisema mengi, jirani." Kantibhai akamjibu, "Yamepita," na alivyosema nilijua hayajapita, lakini yataanza kupita.

Nilimtaka radhi. Akanipa. Kisha akaniuliza, "Mzee Kombo kashaambiwa?"

"Bado."

"Usimwambie." Alisema upesi, kama aliyekwishalifikiria. "Mbwa wake wamekufa. Mwache anilaumu mie, mie nshazoea. Ukimwambia ni gunia kulala nje, atakuwa kawaua mwenyewe."

Alikuwa mtu aliyepoteza wateja wake, na anamuonea huruma aliyemshtaki. Nilikaribia kumkubalia. Nikamwambia, "Nikinyamaza, gunia jengine litalala pale pale, na yule Tabu aliyebaki atakufa. Nshanyamaza mara moja kwa ajili ya kuridhisha watu, Kantibhai."

Akafikiri. Akaingia ghalani, akatoka na pipa la bati lenye kifuniko cha kubana, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Hili likae nje," akasema, "ndani hatumwambii aingize kitu." Tukaenda pamoja.

Mzee Kombo alikuwa kakaa kwenye gogo nyuma ya nyumba, anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, akaitikia. Kantibhai akabaki nyuma na pipa lake, hakujua asogee au asisogee. Nikamwambia mzee habari yote kama ilivyokuwa, chakula kilikuwa kizuri dukani, kikaharibika kwa maji hapa bandani, na kwamba nilimshtaki mtu asiye na kosa. Aliacha kuchonga. Akamtazama Kantibhai, akalitazama lile banda la mwani, akaitazama mikono yake.

"Kwa hivyo si yeye," akasema.

"Si yeye, mzee."

"Ni mie niliyewapa. Kila jioni, kwa mkono huu. Shauriyako alikuwa hataki kula, nikamlazimisha."

Nikamwambia, "Mzee, mie kazi yangu ni hiyo ya vyakula, nimesomea na nimefunzwa na anayejua, na mie pia nlikiweka nje. Kwa sababu ile ile yako."

Akasogea kwenye gogo, akanipa nafasi, na akamwita Kantibhai naye aje akae.